Saa Moja Kabla ya Kula

Nyumbani kwa Fundi hakuna mtu aliyeweza kusema hajui saa. Sebuleni zilitundikwa saa tano za ukutani. Mbili zilikuwa za wateja waliosahau kuzifuata. Moja ilikuwa ya mkewe. Mbili zilizobaki Fundi mwenyewe hakumbuki zilitoka wapi. Zote zilikwenda sawasawa na zote zililia kwa pamoja. Mgeni akilala pale kwa mara ya kwanza, asubuhi huamka ameshika moyo.

Fundi alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini. Umri wake ni miaka sitini na minane. Ni mtu mwembamba, msafi, shati lake halikosi pasi. Kazi yake anaifanyia kwenye kibanda cha vioo, barazani mwa jengo la maduka. Ndani ya kibanda mna kiti, meza, taa ndogo, na visanduku vya skrubu ndogo kama chembe za mchanga. Kushoto kwake anakaa fundi viatu. Watu hawa wawili wametaniana miaka mingi hata wateja wakija huketi kwanza wasikilize.

Nyumbani Fundi anaishi na mkewe na mkwe wao. Mwana wao wa pekee ni dereva wa lori na siku nyingi yuko safarini. Wakati wa mambo haya, mkwe alikuwa na mimba ya miezi minne. Alikuwa mchangamfu na mwepesi wa kucheka, na ndiye aliyesoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, kwa sababu macho ya wazee yalikuwa yamechoka.

Mwaka uliotangulia, Fundi alianza kupata shida ya kukojoa. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa ana saratani ya tezi dume, na kwamba imeshatoka nje ya tezi. Hakuificha. Aliwaambia wakati wa chakula, kama mtu anayesema kesho kuna mgeni.

"Nina saratani," alisema. "Kuna sindano nitakuwa nachomwa kila miezi mitatu. Nipitishie chumvi."

Mkewe alimpa chumvi. Kisha akaenda jikoni, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi.

Sindano ilimsaidia. Aliendelea na kazi yake. Lakini baada ya muda daktari alisema kipimo cha damu kimeanza kupanda tena kidogo, hivyo anaongeza vidonge. Akamwandikia, akamtuma kwenye dirisha la dawa.

Dirisha lile lilikuwa na mwenyewe. Ni mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, na hospitali nzima walimwita Dada wa Dirishani. Siku ile foleni ilikuwa ndefu hadi mlangoni. Nyuma ya Fundi watu walikuwa wanaguna.

"Shikamoo baba," alisema Dada wa Dirishani, mikono ikifanya kazi. "Chupa hii, vidonge vinne, mara moja. Hiki kidogo cheupe, pamoja na chakula. Maelezo nimekuandikia juu ya chupa. Baada ya wiki mbili urudi tupime damu na presha. Sawa baba?"

"Sawa, mwanangu."

"Haya, anayefuata!"

Nyumbani mkwe alichukua chupa, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akasoma taratibu:

*Vidonge 4. Saa 1 kabla ya kula / saa 2 baada ya kula.*

"Saa moja kabla ya kula," alisema. "Hapa kuna kamstari. Halafu saa mbili baada ya kula."

"Basi rahisi," alisema Fundi. "Saa moja asubuhi, kabla ya kula, vinne. Tunakunywa chai. Saa mbili, baada ya kula, vinne vingine. Hawa watu wametupangia hadi muda wa chai!"

"Kweli," alisema mkewe. "Na sisi chai yetu ni baina ya saa moja na saa mbili hiyohiyo. Kama wanatuona."

Walicheka. Kwa fundi saa, maelezo yale yalikuwa matamu. Dawa nyingine huambiwa asubuhi na jioni, na asubuhi ni ndefu. Hii ilitaja saa yenyewe.

Wakaanza kesho yake. Saa tano za sebuleni zilipolia saa moja, mkwe alikuwa tayari ameshahesabu vidonge vinne kiganjani na kuviweka kwenye kisahani. Fundi alivitia vyote mdomoni kwa pamoja, akavisukuma kwa maji.

"Pole pole, baba!" alisema mkwe. "Kimoja kimoja."

"Dada yule kasema mara moja. Nimemeza mara moja. Au hukuona?"

Papo hapo wakaketi kunywa chai, mkate na mayai ya kukaanga. Katikati ya chakula alimeza kile kidonge kidogo cheupe. Saa mbili zilipolia, kisahani kikaletwa tena. Vinne vingine. Kisha Fundi akavaa viatu na kwenda kazini. Hakukosea hata siku moja wala hakuchelewa hata dakika moja.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Wiki ya pili, fundi viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona.

"Nipanulie viatu hivi," Fundi alimwambia. "Vimesinyaa."

Fundi viatu alikichukua kiatu, akakigeuza, akakichungulia ndani. Kisha akautazama mguu wa mwenzake.

"Kiatu ni kilekile nilichokishona mwenyewe," alisema. "Mguu ndio mgeni. Umeutoa wapi?"

"Acha utani."

"Sitanii. Bonyeza hapo juu ya kifundo."

Fundi alibonyeza kwa kidole. Pakabaki shimo dogo ambalo halikujaa haraka. Hawakucheka tena.

Hayo hayakuwa yote. Akipanda ngazi tatu za baraza, moyo wake ulikwenda mbio. Kichwa kilimgonga. Misuli ya mapaja ililegea kama amebeba magunia. Lakini kilichomuumiza zaidi ni mikono. Siku hiyo alikuwa anafungua saa ya mkononi ya mteja, saa ndogo ya kike. Kibano kikatetemeka, skrubu ikaruka. Akaitafuta sakafuni kwa magoti hadi mchana. Hakuiona.

"Ni hizo dawa," alisema fundi viatu. "Kabla ya hizo chupa ulikuwa mzima. Ulikuwa unanitukana tangu asubuhi mpaka jioni. Sasa hata matusi yako yamepungua nguvu."

"Daktari ndiye kanipa."

"Daktari anaiona miguu yako? Mimi ndiye naiona. Ziache. Nitakuletea mizizi, nina mtu wangu anaijua."

Mchana fundi viatu akatoka, akarudi nayo. Jioni ile alirudi nyumbani polepole, viatu mkononi, malapa ya kuazima miguuni, na kifurushi cha mizizi kwapani.

Asubuhi ya siku ya kumi na tano, saa mbili zilipolia, mkwe aliinamisha chupa. Vikatoka vinne. Akaitikisa. Ilikuwa tupu.

"Imeisha," alisema.

"Afadhali," alisema Fundi baada ya kumeza. "Hiyo ndiyo ya mwisho. Nimeacha."

Mkewe aliweka kikombe chini. "Umeacha nini?"

"Dawa. Vidonge, sindano, vyote. Hii saratani ilikuwa hainiumi. Dawa ndiyo inaniumiza. Sasa kati ya viwili hivyo, adui ni nani?"

"Na jana ulitakiwa kwenda kupima damu. Hukwenda."

"Ningekwendaje? Miguu mizito kama matofali."

Mke wa Fundi alimjua mumewe. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba ukimsukuma anasimama, na ukisimama anatembea. Akanyanyua kikombe, akanywa chai kidogo.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye mwenye mwili. Lakini yule dada wa dirishani alikupokea kwa heshima. Alikuamkia. Utaacha kimyakimya kama mtu aliyekimbia kazi? Nenda ukamuage."

"Nikamuage?"

"Ukamwambie: mwanangu, asante, nimeishia hapa. Na chupa yao uwarudishie. Wewe mteja akikususia saa bila kusema hukasiriki?"

Fundi alifikiri. Neno lile lilimchoma penyewe, maana ukutani kwake zilikuwapo saa mbili za watu waliopotea bila kuaga.

"Haya," alisema. "Nakwenda kuaga. Lakini sipokei kitu."

"Nani kasema upokee? Twende."

Mkwe naye akachukua mtandio. "Siwaachi. Baba akidondoka njiani, mama atamwinua peke yake?"

Siku hiyo foleni ilikuwa fupi. Dada wa Dirishani alipomwona Fundi, alitabasamu. Kisha akaona malapa, na tabasamu likafifia.

"Shikamoo baba. Tulikungoja jana."

"Marahaba. Nimekuja kuaga, mwanangu." Fundi aliweka chupa tupu dirishani. "Chupa yenu hii. Mmenitunza vizuri, siwalaumu. Lakini dawa hii na mimi hatupatani."

Dada wa Dirishani aliichukua chupa. Akaitikisa. Akavaa miwani, akasoma tarehe. Akaangalia kalenda ya ukutani.

"Baba, vilivyobaki umeviweka wapi?"

"Vimeisha."

"Vimeisha vipi? Hapa nilikuwekea mia moja na ishirini. Ni vya mwezi mzima. Leo ni siku ya kumi na tano."

"Basi ulihesabu vibaya. Mimi sijaruka hata siku moja."

Dada wa Dirishani hakubisha. Alifungua mlango wa pembeni, akawaingiza ndani wote watatu, akawapa benchi. Akavuta kiti chake, akaketi mbele ya Fundi, magoti karibu yagusane.

"Baba, nifundishe," alisema. "Nifanye mimi sijui kitu. Unakunywaje dawa hii, tangu ukiamka?"

Fundi akajivuta, akakaa sawa. Hapo palikuwa pa kujisifu.

"Saa moja kamili, kabla ya kula, nameza vinne. Mara moja, vyote kwa pamoja, kama ulivyosema. Tunakunywa chai. Hiki cheupe nakimeza na chakula. Saa mbili kamili, baada ya kula, nameza vinne vingine. Mimi ni fundi saa, mwanangu. Sikukosea hata dakika."

Dada wa Dirishani alifumba macho. Alipoyafumbua, aliitazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, maandishi ya mkono wake mwenyewe. Akayasoma kwa sauti ndogo. *Saa 1 kabla ya kula.* Akayasoma tena.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Baba, hapa nimekosa mimi."

"Umekosa nini?"

"Sikukuandikia saa moja ya asubuhi. Nilikuandikia saa moja ya kusubiri. Umeze, halafu usubiri saa nzima ipite, ndipo ule. *Au*, kama umeshakula, usubiri saa mbili zipite, ndipo umeze. Huu mstari ni *au*. Unachagua njia moja, si zote mbili."

Mkwe alishika mdomo.

"Na mara moja?" aliuliza Fundi.

"Mara moja kwa siku."

"Mimi nilijua mara moja ni kwa mpigo mmoja."

"Na mimi," alisema mke wa Fundi, "nikimwambia huyu njoo mara moja, huja baada ya nusu saa. Kwa hiyo zipo maana tatu."

Dada wa Dirishani alicheka bila kutaka, machozi yakimlenga. Fundi naye akacheka. Lakini kicheko kikaisha haraka, maana aliona sura ya mama yule imerudi kuwa ya kazi.

"Nisikilize, baba. Wewe unaijua tabia ya dawa nyingine, kwamba zinakwaruza tumbo, basi watu hula kwanza ili zipoe. Hii ni kinyume. Tumbo likiwa na chakula, hasa chenye mafuta kama mayai ya kukaanga, mwili unaivuta dawa hii kwa wingi mno. Mara kadhaa zaidi ya tulivyokusudia. Wewe umeimeza na chakula, na umeimeza maradufu. Ndiyo maana miguu imevimba. Moyo unakwenda mbio?"

"Unakwenda."

"Mikono?"

Fundi aliinyoosha. Vidole vilitetemeka. Mkewe aliviangalia, akageuza uso.

"Simameni," alisema Dada wa Dirishani. "Twende kwa daktari sasa hivi. Hatungoji zamu."

Presha ilikuwa juu sana. Damu ilipopimwa, ilionekana madini ya potasiamu yameshuka, na ndiyo yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi. Daktari alisema vidonge vile vikubwa visimame kwanza. Kile kidogo cheupe kiendelee, maana hakiachwi ghafla. Fundi akalazwa siku mbili, akaongezewa madini, akapewa dawa ya presha.

"Umekuja wakati mzuri," daktari alimwambia. "Ungekaa hivi wiki nyingine, tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

"Nilikuja kuaga," alisema Fundi.

"Uwe unaaga mara kwa mara," alisema daktari.

Siku ya pili wodini, Dada wa Dirishani alikuja kumwona baada ya zamu. Alileta kiti chake mwenyewe. Mke wa Fundi na mkwe walikuwapo.

"Sasa nataka nikuulize kama mwanangu," Fundi alianza. "Hii dawa ina kazi gani hasa? Nilipewa, nikameza. Sijawahi kuuliza."

"Saratani ya tezi dume inalishwa na homoni ya kiume, baba. Homoni hiyo hutengenezwa na mwili. Sindano yako inafunga sehemu kubwa inakotoka. Lakini mwili mjanja, una sehemu nyingine unakoitoa kidogo kidogo. Vidonge vinafunga huko. Saratani ikikosa chakula chake, inasinyaa au inakaa kimya."

"Kwa hiyo mnaisusia chakula."

"Ndivyo. Sasa wewe ukiacha vidonge na sindano kwa sababu haikuumi, unakwenda kuipikia."

Fundi aliitazama miguu yake. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia.

"Na nikirudia, miguu haitavimba tena?"

"Siwezi kukuapia. Hata mtu anayemeza sawasawa anaweza kupanda presha au kuvimba. Ndiyo maana miezi mitatu ya kwanza tunataka kukuona kila wiki mbili. Tunapima damu, presha na ini. Kikianza kidogo, tunakirekebisha kikiwa kidogo. Jasho la ghafla utalipata, uchovu utaupata. Hayo ni ya homoni kupungua, nayo tutayazungumza. Lakini macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, miguu ikajaa au moyo ukaenda mbio, hungoji tarehe. Unakuja siku hiyohiyo."

"Na nikisahau siku moja?"

"Ya jana imekwenda. Kesho unameza vinne vyako tu. Huongezi vya jana. Ukisahau zaidi ya siku moja, njoo uniulize."

Mke wa Fundi alitoa kifurushi kwenye pochi, akakiweka juu ya shuka. "Na hii? Fundi viatu kampa. Mizizi."

"Mama!" alisema Fundi.

"Sijasema umeinywa. Nauliza."

"Umefanya vizuri kuuliza," alisema Dada wa Dirishani. "Mimi siijui hii mizizi, na sijui ikikutana na vidonge hivi itafanya nini kwenye ini. Kwa hiyo isiingie. Kitu chochote kingine, hata cha dukani, tuambie kwanza."

Mkwe alisogea karibu. Akasema kwa sauti ya chini. "Dada, mimi ndiye niliyekuwa navihesabu kiganjani. Kila siku."

Dada wa Dirishani alimtazama tumbo. "Ulikuwa unavikata au kuvisaga?"

"Hapana. Vizima."

"Vizuri. Vidonge hivi havikatwi wala havisagwi, na mjamzito hatakiwi kuvishika kwa mikono mitupu, kwa sababu vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usianze kujitisha. Kesho ukienda kliniki yako waambie, wakuangalie. Na kuanzia sasa mwachie mwenyewe mkono wake."

Kliniki walimwangalia mkwe, wakasema mtoto anaendelea vizuri. Alirudi nyumbani akalala mchana kutwa kwa nafuu aliyoipata.

Wiki mbili baadaye presha ilikuwa imeshuka na madini yamerudi. Miguu ilikuwa miguu. Daktari akasema vidonge vinaweza kuanza upya. Fundi akasimama tena mbele ya dirisha. Nyuma yake palikuwa na watu, lakini safari hii Dada wa Dirishani hakuwa na haraka.

"Kabla hujanipa," alisema Fundi, "niandikie upya, mbele yangu. Na hilo neno *saa* sitaki kuliona humo."

"Sasa nikuandikie nini? Masaa?"

"Hata hilo. Mtu akisikia saa anatafuta saa. Mimi wa kwanza. Andika dakika. Dakika haina asubuhi wala jioni."

Dada wa Dirishani alishika kalamu, akafikiri, akaandika polepole kwa herufi kubwa. Kisha akageuza karatasi ili aione:

*MEZA VIDONGE 4 UKIAMKA, TUMBO TUPU, KWA MAJI. SUBIRI DAKIKA 60. NDIPO ULE. KESHO TENA.*

"Ukiwa umeamka, chakula cha usiku kimeshapita zamani," alieleza. "Zile saa mbili za baada ya kula huna haja ya kuzihesabu. Na kile cheupe?"

"Nakimeza na chakula."

"Haya, nifundishe yote tangu mwanzo."

Fundi alimfundisha. Akaongeza na habari ya kusahau, na ya macho ya njano. Mzee mmoja kwenye foleni, aliyekuwa ameshika kichupa kama kile, alisogea mbele akanyoosha shingo.

"Samahani," alisema. "Hebu rudia hapo pa dakika sitini."

Dada wa Dirishani alimtazama mzee yule, akatazama chupa yake, akavuta pumzi. Siku hiyo hakufunga dirisha mpaka amewatafuta wote kwenye daftari lake waliopewa chupa zenye maandishi ya zamani. Watatu walikuwa wanameza saa moja kamili na chai. Mmoja wao alikuwa anaamka kwa kengele ili asipitwe.

Nyumbani kwa Fundi asubuhi zilibadilika. Fundi huamka saa kumi na mbili. Anavuta chupa yake mwenyewe kutoka kabatini, anahesabu vinne, anameza na glasi ya maji. Kisha kuna dakika sitini za kusubiri, na hapo ndipo palikuwa na mtihani, kwa sababu mkwe alikuwa anapika na harufu ilikuwa inapita chini ya mlango.

"Siwezi kukaa humu," Fundi alisema siku ya tatu. "Nitaiba."

"Daktari si kasema utembee?" alisema mkewe. "Kasema mifupa inalegea homoni ikipungua, kutembea kunaisaidia. Vaa viatu."

Wakaanza kutoka pamoja. Siku za kwanza walifika kwenye kona tu na kurudi. Baadaye walifika hadi shuleni. Baadaye walizunguka uwanja. Walizungumza mambo ambayo kwa miaka mingi hayakuwa na nafasi: ndugu waliokufa, jina la mtoto anayekuja, na siku ile Fundi alipompelekea posa kisha akasahau jina la baba mkwe. Wakati mwingine hawakuzungumza. Jasho la ghafla likimjia Fundi, husimama, mkewe humpepea na mtandio, wakaendelea.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari aliangalia karatasi ya damu muda mrefu. Fundi alimwangalia daktari kama mteja anavyomwangalia fundi aliyefungua saa yake.

"Kipimo cha saratani kimeshuka sana," daktari alisema mwishowe. "Presha nzuri. Ini zuri. Dawa inafanya kazi, mzee. Usibadilishe kitu."

"Sibadilishi," alisema Fundi. Akatoa mikono juu ya meza, akainyoosha, bila kuombwa. Vidole vilitulia. Daktari hakuelewa kwa nini mke wa mgonjwa alikuwa anajifuta macho wakati habari zilikuwa njema.

Kesho yake walitoka kama kawaida. Jua lilikuwa linachomoza. Mwenye duka la kona, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akiwaona wakipita na kurudi, siku hiyo alishindwa kuvumilia.

"Wazee wangu, hamjambo? Niulize, msinione mbea. Kila asubuhi mnaongozana hivi mnaenda wapi?"

"Hatuendi popote," alisema mke wa Fundi. "Tunangoja chai."

"Chai iko wapi?"

"Nyumbani."

Mwenye duka alitazama walikotoka, akatazama wanakoelekea. "Sasa mbona mnaiacha nyuma?"

"Bado dakika ishirini," alisema Fundi. Akamshika mkewe mkono, wakavuka barabara.